Wifi Yangu Alipofundisha PHP Dukani Kwangu

Kabla wifi yangu hajarudi Karatu, mtu wa kompyuta alikuwa mimi. Sisemi kwa majivuno, ndivyo watu walivyoniita. Steshenari yangu iko kwenye barabara ya kushukia sokoni, chumba kirefu chenye kompyuta sita, mashine mbili za fotokopi na kona ya kupigia picha za pasipoti. Aliyetaka kuomba kazi ya serikali mtandaoni alikuja kwangu. Aliyesahau nywila ya barua pepe yake alikuja kwangu. Madereva wa watalii waliniletea wasifu wao niwapangie vizuri, gari likinguruma nje na wageni ndani wakisubiri kupandishwa Ngorongoro. Yote hayo nilijifunza mwenyewe, kwa kubonyeza na kuharibu, tangu nilipoolewa nikaletwa huku kutoka Singida.

Mume wangu ni mpishi katika kambi moja huko juu Ngorongoro. Anakaa kazini wiki sita, anarudi nyumbani wiki mbili. Ukweni kwangu ni Mbulumbulu, ambako mama mkwe analima ngano, mahindi na maharage. Wale ni Wairaqw, na wakikaa wenyewe kwa wenyewe wanaongea lugha yao. Nimekuwa nao miaka tisa na bado naelewa maneno ya chakula, ya ng'ombe na ya mvua, basi. Utani ukianza, mimi hucheka nikiwa nimechelewa.

Wifi ni mdogo wa mume wangu, kitinda mimba wa mama mkwe. Alisomea kompyuta chuoni Dodoma, akafanya kazi Arusha kidogo, mkataba ukaisha, akarudi nyumbani na begi moja na kompyuta mpakato iliyobandikwa vijikaratasi vya rangi. Hakuwa amemaliza hata wiki Mbulumbulu mume wangu akanipigia simu.

"Mdogo wangu anataka kufundisha watu kutengeneza tovuti," alisema. "Mpe chumba saa za alasiri."

"Chumba changu?"

"Wiki sita tu. Kompyuta zako alasiri si zinakaa bure?"

Hazikai bure, lakini alikuwa amesimama juu ya kilima anatafuta mtandao na sauti ilikuwa inakatika. Nikasema sawa.

Siku ya kwanza walikuja watu wanane. Walikuwepo dereva mmoja wa watalii, wasichana wawili wa mapokezi kutoka lodji, na mwalimu wa hisabati wa sekondari kutoka Sale, mwendo wa siku nzima toka hapa, ambaye baada ya shule kufungwa alikuja kukaa kwa ndugu yake hapa mjini ili asome. Waliobaki nilikuwa nikiwafahamu kwa sura, ni wateja wangu. Wifi alisimama mbele ya ubao wangu mweupe, ule ninaoandikia bei za huduma. Alikuwa amefuta bei zote.

Mimi nilibaki kwenye mashine ya fotokopi karibu na mlango. Nilikuwa na kazi ya kutoa nakala, lakini si nyingi kiasi cha kusimama pale saa mbili.

"Ukurasa wa kawaida wa tovuti ni kama bango la barabarani," wifi aliwaambia. "Umeandikwa mara moja, kila anayepita anasoma kitu kile kile. PHP inafanya ukurasa umjibu mtu." Aliitamka pi-echi-pi, haraka, kama mtu anayetaja jina la jirani. "Wewe ukiwa na simu yako unaomba ukurasa. Ombi linafika kwenye seva, ambayo ni kompyuta iliyo mahali fulani. Seva inasoma maagizo ya PHP, inayafanyia kazi, halafu inakurudishia ukurasa uliokwisha kuandaliwa. Maagizo yenyewe huyaoni. Kama mgeni lodji. Anaagiza, analetewa sahani. Jikoni hafiki."

Watu wakaitikia kwa vichwa. Mimi ndiye niliyeolewa na mpishi, na mfano ule haukuwahi kunijia. Hapo ndipo wivu ulipoanza, nakumbuka vizuri.

Akawafundisha kwamba kila jina la kuhifadhia kitu linaanza na alama ya dola. Dereva akacheka. "Karatu nzima tunahangaika na dola, kumbe ziko kwenye kibodi." Akawaambia kwamba kila agizo linamalizika kwa nukta mkato, na asiyeiweka atajuta. Kisha akawaonyesha jinsi ya kuandika ukurasa unaoangalia saa: ikiwa ni kabla ya adhuhuri useme habari za asubuhi, ikiwa imepita useme habari za mchana.

Mwalimu wa Sale alimaliza wa kwanza. Akautazama ukurasa wake, akainua mkono.

"Mbona inanisalimia za asubuhi na sasa ni saa nane mchana? Nimeshakula ugali."

"Seva usipoiambia iko wapi inafuata saa ya dunia," wifi akamjibu, "na hiyo iko nyuma yetu saa tatu. Iambie iko Tanzania." Akaandika mstari mmoja ubaoni. Mwalimu akaunakili, akabonyeza, na ukurasa ukasema habari za mchana, mwalimu.

Darasa zima likacheka kwa furaha. Nikajifanya kuongeza karatasi kwenye mashine. Kwa miaka yote niliyokaa na kompyuta sikuwahi kuiambia ifanye jambo ambalo mtu mwingine hakuwa ameshaiambia. Nilikuwa najaza fomu za watu wengine. Sikuwahi kuliwaza hivyo mpaka siku ile, na sikumshukuru wifi kwa kunifanya niwaze.

Wiki ya pili na ya tatu zilikuwa mbaya zaidi. Mlangoni nina kibao kinachosema WIFI IPO. Zamani watu waliingia wakiuliza, "Wifi ipo?" nami nawapa nywila. Sasa wakaanza kuuliza, "Wifi yupo?" Walimtaka yeye. Mwenye lodji alitaka tovuti, katibu wa kwaya alitaka tovuti, mpaka yule mama anayeuza vitenge mkabala na duka langu akaniomba nimwitie. "Wewe endelea tu na fotokopi zako, mwite yule mtaalamu," aliniambia, bila ubaya wowote, na mimi nikaenda kuita.

Siku ya mnada mama mkwe alishuka kutoka Mbulumbulu. Kila akija hunipitia dukani na chupa ya maziwa ya mgando, kwa sababu anajua nayapenda. Siku ile aliingia, akanisalimia vizuri tu, akapita, akaenda kuiweka ile chupa kwenye meza ya binti yake. Wakaanza kuongea Kiiraqw. Wifi alikuwa anamwonyesha kitu kwenye kioo, mama anauliza, wifi anajibu, wote wawili wanacheka. Nilisikia neno la maharage. Yaliyobaki yalinipita. Lugha mbili zilikuwa zinazungumzwa pale dukani kwangu, moja ya kwao na moja ya mashine, na zote mbili sikuwa nazijua.

Baadaye wifi alinieleza. Kikundi cha wakulima cha mama mkwe kilikuwa kikiuza mboga na maharage kwa lodji za Karatu kupitia mtu wa kati. Yeye na darasa lake walikuwa wanatengeneza ukurasa ambao mpishi wa lodji angechagua anachotaka na siku anayotaka, na oda ingefika kwenye simu ya katibu wa kikundi. Jumamosi akina mama wote wa kikundi wangekuja kuuona.

"Wifi, utakuwepo?" aliniuliza.

"Hili ni duka langu," nikasema. "Niende wapi?"

Jumamosi ile nilipanga viti mwenyewe. Saa sita hivi wifi akaondoka kwenda stendi kuwapokea akina mama. Wanafunzi walikuwa nje wakinywa chai kwa mama ntilie. Nilibaki peke yangu na kompyuta ile aliyoifanya seva, na faili la ule ukurasa wa oda lilikuwa wazi. Nikakaa kwenye kiti chake.

Ningependa kusema kwamba sikujua ninachofanya, lakini nilijua. Wiki tatu za kusimama kwenye fotokopi zilikuwa zimenifundisha kitu kimoja kwa uhakika. Nikashuka mpaka mstari wa kumi na nane, nikaweka kishale mwishoni, nikafuta nukta mkato moja. Nikahifadhi. Nikarudi kwenye mashine yangu.

Akina mama wakafika, kumi na wawili, na mashuka yao mabegani, wakaenea kwenye viti na wengine wakasimama. Mama mkwe alikaa mbele kabisa. Wifi akaeleza kidogo kwa Kiiraqw, kidogo kwa Kiswahili, kisha akafungua ukurasa. Badala ya picha ya maharage na kabeji yakatokea maandishi meusi kwenye weupe mtupu, mistari miwili ya Kiingereza.

Mama mkwe akauliza kitu kwa sauti ndogo. Mimi nilikuwa nikitazama uso wa wifi. Nilikuwa nimeusubiri uso ule ubadilike, na nilipouona ukibadilika, kwa muda wa kupepesa jicho tu, sikupata raha niliyoitarajia. Alionekana mtoto. Alionekana kama mume wangu anapopokea simu ya kwao mapema mno asubuhi.

Kisha akasogea karibu na kioo akasoma. "Inalalamikia mstari wa kumi na tisa," alisema kwa sauti ya kawaida. "Mwalimu, tuangalie wapi?"

Mwalimu wa Sale akafikiri. "Kumi na nane."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ilikuwa bado inasubiri mstari wa juu umalizike. Ilipofika wa chini ndipo ikagundua kuna tatizo."

"Na tatizo ni nini?"

"Nukta mkato," wasichana wa mapokezi wakajibu pamoja.

Wifi akairudisha, akabonyeza, na ukurasa ukafunguka, maharage, kabeji, karoti na jina la kikundi juu. Akina mama wakapiga makofi. Mama mkwe akageuka nyuma akasema kwa Kiswahili, ili wote tusikie, hata mimi, "Mnaona? Hata kikiharibika anajua pa kushika."

Kwa hiyo nilichokuwa nimekifanya ni kumwongezea sifa. Kama ukurasa ungefunguka vizuri tangu mwanzo wangemsifu kwa kazi nzuri. Sasa walimsifu na kwa utulivu. Nikawagawia soda, mmoja mmoja, nikitabasamu mpaka mashavu yakauma.

Walipoondoka, wifi alibaki akikunja nyaya. Nilikuwa nafagia. Alizungumza bila kunitazama.

"Lile faili lilihifadhiwa saa sita na dakika ishirini. Mimi wakati ule nilikuwa stendi."

Nikaendelea kufagia mahali nilipokwisha kufagia.

"Kama hutaki darasa hapa, ungeniambia tu, dada. Ningehamia ukumbi wa kanisa."

Alikuwa haniiti dada. Huniita wifi, kwa utani na kelele. Neno lile liliniuma kuliko kama angenitukana.

"Si darasa," nikasema.

"Ni nini basi?"

Nilisimama na ufagio mkononi. Ningeweza kudanganya kwamba niligusa kibodi kwa bahati mbaya nikifuta vumbi. Nadhani angekubali, au angejifanya amekubali, na tungeishi hivyo miaka yote. Sijui kwa nini sikudanganya. Labda nilikuwa nimechoka.

"Nakuonea wivu," nikamwambia. "Tangu siku ya kwanza. Nakuonea wivu kwa darasa, kwa mama, kwa watu kukuulizia. Hata ile lugha yenyewe nakuonea wivu."

Akaacha nyaya. Kisha akavuta kiti kimoja kutoka mstari wa mbele akakigeuza kunielekea.

"Basi Jumatatu uone wivu ukiwa umekaa," alisema. "Wiki tatu umesimama mlangoni. Miguu haikuumi?"

Sikucheka, wala yeye hakucheka. Hakuwa amenisamehe bado, ilionekana. Siku kadhaa baadaye bado alikuwa akiongea nami kwa uangalifu, kama mtu anayetembea kwenye sakafu iliyotoka kupigwa deki. Wifi hakumwambia mama yake, na mpaka leo mama hajui.

Jumatatu nilikaa. Nilimwachia binamu yake mume wangu mashine ya fotokopi, nikakaa pembeni ya mwalimu wa Sale, mimi mwenye duka, mwanafunzi wa mwisho kuandikishwa. Ilikuwa ngumu kuliko nilivyodhani. Kusikiliza ukiwa mlangoni na kuandika mwenyewe ni mambo mawili tofauti. Nilisahau alama ya dola. Niliandika alama moja ya usawa mahali palipotaka mbili, na ukurasa ukawa unakubali kila kitu nilichouuliza. Mwalimu alikuwa ananisaidia kwa upole, akishamaliza yake, na nikaanza kumwonea wivu yeye pia. Wivu wangu haukuisha, ulipata tu mahali pengine pa kukaa.

Lakini wiki ya sita niliandika ukurasa wangu wa kwanza ulionijibu. Mteja anaingiza idadi ya kurasa, anachagua nyeusi au rangi, ukurasa unamwambia kazi itakuwa tayari saa ngapi. Kitu kidogo. Nilikifungua na kukifunga mara nyingi siku ile hata wifi akaniambia nitaichosha seva. Siku ile aliniita wifi.

Mwaka haukuisha akapata kazi Arusha, akaondoka na begi lake na kompyuta yake. Mama mkwe akarudi kuniletea maziwa ya mgando. Nayapokea, nashukuru, na kila mara naambiwa kwanza habari za yule wa Arusha.

Mwezi mmoja baadaye simu ya dukani ikaita. Alikuwa mwalimu wa Sale. Shule yao ilikuwa imepata kompyuta tatu na umeme wa jua, akawa amejaribu kutengeneza ukurasa wa kuingizia alama za wanafunzi, amekwama.

"Wifi yako yupo?" aliuliza.

"Hayupo," nikasema. "Niambie mimi."

Akasita kidogo, na kusita kule nilikusikia kote. Kisha akaniambia.

Nilisafiri siku nzima kwa kupitia Mto wa Mbu na nyikani huko, nikafika Sale nikiwa nimepakwa vumbi mpaka kwenye kope. Nilikaa siku tatu. Mimi na mwalimu tulifanya kazi kwenye ofisi ya walimu, mbuzi wakipita dirishani, na siku ya pili ukurasa ulikuwa unafanya kazi: unaingiza jina na alama, unakupa daraja, na ambaye nafasi yake ya alama imeachwa wazi unamwandikia hakufanya mtihani.

Siku ya tatu mwalimu mmoja wa kike, anayefundisha fizikia, alikaa kuujaribu. Hakuwahi kuandika PHP maishani mwake. Baada ya robo saa akaniita.

"Huyu kijana alifanya mtihani," alisema. "Alipata sifuri, nilimsahihishia mwenyewe. Mbona hapa imeandikwa hakufanya?"

Nikatazama. Nikajaribu. Nikajaribu tena. Nilikuwa nimeuliza kama nafasi ni tupu, na sifuri haikuwa tupu, nilikuwa naiona pale kwa macho yangu. Mwalimu wa hisabati naye akaupitia, asione kosa. Na yule wa fizikia alikuwa amekaa, ametulia, tayari anafuata mistari kwa kidole na kuuliza kila mmoja unafanya nini, kwa wepesi ambao mimi sikuwa nao hata wiki ya sita.

Nikatoka nje kutafuta mtandao. Nilisimama karibu na tangi la maji na namba ya wifi kwenye kioo cha simu, nisiipige. Nilijiambia kwamba nikijaribu saa moja zaidi nitapata mwenyewe. Halafu nikafikiria yule kijana aliyepata sifuri, ambaye kwa kosa langu angeitwa mtoro, akaadhibiwa kwa jambo ambalo hakulifanya. Nikapiga. Hakupokea, lakini ujumbe ukaja baada ya dakika chache: "Niko kikaoni. PHP ukiiuliza kama kitu ni kitupu, na sifuri inaihesabu tupu. Usiulize hivyo. Uliza kama ni sawasawa na maandishi yasiyo na kitu, kwa alama tatu za usawa. Msalimie mwalimu."

Alikuwa anajua bila kuangalia popote, katikati ya kikao. Nikaona wivu upya.

Nikaingia ndani, nikarekebisha, na yule kijana akapata sifuri yake halali. Mwalimu wa fizikia akaniangalia.

"Umeijuaje?"

Nilikuwa na nafasi ya kusema nimekumbuka. Hakuna ambaye angejua.

"Wifi yangu ameniambia," nikasema. "Nimempigia."

"Ndiye aliyekufundisha?"

"Ndiye."

"Basi tunaomba na yeye aje huku siku moja. Mwambie."

Nikasema nitamwambia, nikaendelea kuingiza alama za kidato cha pili. Ilinichukua siku nne kumwambia.